Ute Usio Uchafu

Jioni, wenzake wakiwa wamekwenda kujisomea, msichana wa kidato cha pili anabaki karoni akifua nguo zake za ndani. Saa hiyo ameichagua makusudi. Katika chupi nyeusi aliyonunuliwa miezi mitatu tu iliyopita pana doa lililopauka, lenye rangi iliyo kati ya kutu na manjano, mahali pale pale ambapo kila siku hukuta majimaji meupe. Amelisugua kwa sabuni ya kipande mara mbili, mara tatu, halitoki. Wala halitatoka, kwa sababu hakuna kitu kilichoongezeka juu ya kitambaa kile; kilichotokea ni kwamba rangi imeondoka. Msichana hajui hivyo. Anakata shauri kimoyomoyo kwamba ndani ya mwili wake mna ugonjwa, na kwamba ugonjwa wenyewe ni wa aibu. Nguo ile ataianika chini ya kanga, mtu yeyote asiione.

Kilichoipausha nguo hiyo ni asidi. Ni asidi ya laktiki, ile ile inayoyapa maziwa ya mgando ladha yake ya uchachu, na nguvu yake si kubwa. Lakini kitambaa cha rangi nyeusi kikiguswa nayo siku baada ya siku, rangi hupungua. Mwili wa msichana aliyebaleghe huishi na asidi hiyo kwa manufaa yake mwenyewe. Doa lile lililomkosesha raha ni alama kwamba kinga ya mwili wake inafanya kazi.

Lugha ya Kiswahili ina neno linaloufaa unyevu huu, nalo ni ute. Kila mpishi anaujua ute wa yai: laini, wenye kuteleza, wenye kuvutika, tena safi. Hata hivyo, mtu akiingia zahanati au akisoma matangazo ya afya yaliyobandikwa ukutani, neno analolikuta kwa kawaida ni jingine. Huulizwa kama "anatokwa na uchafu sehemu za siri". Swali hilo limekusudiwa kugundua magonjwa, na nia yake ni njema. Lakini yafaa kufikiri jinsi linavyosikika masikioni mwa binti wa miaka 14. Majimaji anayo, anayaona kila siku. Na mtu mwenye elimu, aliyevaa koti jeupe, ameyaita uchafu. Atajibu nini? Akisema ndiyo, huenda akapewa vidonge vya ugonjwa asio nao. Akisema hapana, atarudi nyumbani akijiona kuwa amemdanganya muuguzi na bado ni mchafu. Neno moja limefanya kosa ambalo hata kitabu kizima cha Biolojia hupata shida kulisahihisha.

Basi ute huo unatoka wapi? Watu wengi hudhani kwamba uke una tezi zake za kutoa majimaji, kama mdomo ulivyo na tezi za mate. Sivyo. Kuta za uke hazina tezi. Sehemu moja ya unyevu hupenya polepole kutoka katika mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya kuta hizo, ikijichuja kati ya seli hadi juu, mfano wa maji yanayotokeza nje ya mtungi wa udongo. Sehemu nyingine hutengenezwa na tezi za shingo ya kizazi, yaani ule mlango mwembamba ulio kati ya uke na mji wa mimba. Kwenye mchanganyiko huo huongezeka seli zilizokwisha umri. Ngozi laini ya uke, sawa na ngozi ya mkono, hujivua seli zake za juu na kuota mpya bila kukoma. Seli hizo zilizobanduka ndizo huupa ute weupe wake. Kwa mwanamke mwenye umri wa kuzaa, jumla ya ute wa siku nzima huwa kati ya mililita 1 na 4 hivi, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai. Zipo siku ambapo huzidi, na wapo wanawake ambao kwao kawaida ni zaidi au pungufu ya hapo.

Seli zile hazipotei bure. Kabla ya kubanduka huwa zimejiwekea akiba ya glaikojeni, namna ya wanga ambayo mwili huihifadhi pia katika ini na misuli. Kinachoziamuru kuweka akiba hiyo ni homoni ya estrojeni, inayotoka katika ovari. Seli zikivunjika, glaikojeni humeng'enywa kuwa sukari nyepesi, na hapo huingia wakazi wa uke waitwao laktobasili. Hawa ni bakteria wenye umbo la kijiti. Huila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki, na kwa njia hiyo huufanya uke wa mwanamke mzima uwe na pH ya 3.8 hadi 4.5. Maji safi yana pH ya 7. Maziwa ya mgando hukaribia 4.5. Katika uchachu wa kiwango hicho vijidudu vingi vya maradhi hudhoofika au hushindwa kuzaana. Jamii ya laktobasili imo pia katika vibuyu vya maziwa vya wafugaji, ambamo asidi yao huyalinda maziwa yasioze. (Yapasa kusemwa mara moja kwamba hili ni fananisho tu. Maziwa mahali pake ni kinywani.)

Ujuzi huu si mgeni. Mwaka 1892, daktari wa Ujerumani aliyeitwa Albert Döderlein alichapisha mjini Leipzig uchunguzi wake juu ya majimaji ya uke. Swali lililomsumbua lilikuwa la kufa na kupona: homa ya uzazi, iliyokuwa ikiwaua wazazi wengi katika hospitali za Ulaya. Alitaka kujua kama vijidudu vya homa hiyo huwamo ukeni tangu mwanzo. Badala yake, kwa wanawake wenye afya, alikuta vijiti vyake vidogo vyenye kutoa asidi, na akaonyesha kwamba mahali vilipostawi, vijidudu vya usaha havikuweza kukaa. Kwa muda mrefu vijiti hivyo viliitwa kwa jina lake. Kwa hiyo sayansi imejua kwa zaidi ya miaka 130 kwamba majimaji haya ni ulinzi. Habari hiyo imechelewa mno kufika mabwenini.

Mwanafunzi atauliza: mbona zamani, nilipokuwa mtoto, sikuwa nayo? Jibu limo katika estrojeni. Mtoto wa kike aliyezaliwa karibuni aghalabu huwa na ute mweupe katika siku zake za kwanza, nao humtia mama hofu. Chanzo chake ni homoni za mama mwenyewe, alizozipata mtoto akiwa tumboni. Homoni hizo zikiisha, ute hutoweka, na uke wa mtoto hukaa miaka mingi pasipo glaikojeni ya kutosha wala uchachu. Kisha ovari huanza kazi. Kwa wasichana wengi ute hutokea miezi 6 hadi 12 kabla ya kuvunja ungo, nao ni mjumbe anayetangulia hedhi.

Hapa pana pengo la kusikitisha katika malezi. Mafunzo ya somo kwa watu wa pwani, au ya kungwi katika unyago wa kusini mwa Tanzania, kwa desturi hungoja damu. Darasani nako mada ya uzazi huanzia kwenye hedhi. Ute huja kabla ya mafunzo yote hayo, pasipo mtu aliyeutaja, na kwa miezi mingi binti huwa peke yake na jambo asilokuwa na jina lake. Haishangazi kwamba jina analolipata kwanza ni lile la ukutani mwa zahanati.

Baada ya hedhi kuanza, ute hauwi wa namna moja mwezi mzima. Siku chache baada ya damu kukoma huwa haba, pengine mtu hujiona mkavu. Kisha huongezeka, ukawa mzito, mweupe kama maziwa, na ukikauka kwenye nguo huacha rangi ya manjano hafifu. Yai linapokaribia kutoka katika ovari, ambalo kwa mzunguko wa siku 28 huwa yapata siku ya 14, estrojeni hufika kileleni na ute wa shingo ya kizazi hubadilika kabisa. Huwa mwingi, mwangavu, wenye kuteleza, na huweza kuvutika sentimita kadhaa bila kukatika, mithili ya ute wa yai bichi. Zaidi ya tisa ya kumi ya ute huo ni maji. Ndio unaoruhusu mbegu za kiume kupita. Yai likisha toka, homoni ya projesteroni hushika zamu, na katika muda wa siku moja au mbili ute hurudi kuwa mzito na wa kunata, ukaziba mlango wa kizazi kama kizibo. Mjini Melbourne, Australia, daktari John Billings alianza kuyachunguza mabadiliko haya mwaka 1953, na baadaye mkewe Evelyn, naye daktari, akaungana naye. Chombo chao kikubwa kilikuwa masikio: waliwauliza wanawake wanaona nini, wakagundua kwamba wanawake wasio na elimu ya shule waliweza kuyaeleza mabadiliko ya ute wao kwa usahihi mkubwa. Yafaa vijana wafahamu kwamba kutumia alama hizo kupanga uzazi kwahitaji mafunzo ya makini na mzunguko usioyumba, na mizunguko ya msichana katika miaka ya mwanzo huyumba sana.

Hata wenye afya njema hawafanani. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011, wanawake 396 wasio na dalili yoyote ya maradhi walipimwa bakteria wa uke. Takriban robo tatu walikuwa na laktobasili kwa wingi. Robo iliyobaki walikuwa na mchanganyiko wa bakteria wengine. Mchanganyiko huo ulionekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika na wa Amerika ya Kilatini kuliko kwa wale wenye asili ya Ulaya na Asia, na uchachu wao ulikuwa hafifu kidogo. Hawakuwa wagonjwa. Mtu anayejilinganisha na mwenzake wa kitanda cha pili, au na maelezo ya kitabu kimoja, hujitafutia hofu bure. Kipimo cha kufaa ni hali yake mwenyewe ya mwezi uliopita.

Tukija kwenye aibu, jambo la kwanza la kutambua ni kwamba aibu haikuzaliwa na mwili. Nchini Rwanda, mapokeo ya wanawake huusifu unyevu na kuuhesabu kuwa neema. Safari ya siku chache kuelekea kusini, katika sehemu za Zambia, Malawi na Zimbabwe, watafiti wamekuta wanawake wanaotumia majani, vitambaa na unga wa mitishamba ili wajikaushe, kwa kuamini kwamba unyevu ni kasoro. Miili ni ile ile. Hukumu ndiyo iliyobadilika. Wala mataifa ya viwanda yasidhaniwe kuwa yamesalimika. Huko Marekani, kuanzia miaka ya 1920 hata ile ya 1950, dawa ya kuua vijidudu iliyokuwa ikisafishia pia sakafu na vyoo ilitangazwa magazetini kuwa inawafaa wanawake kujisafishia ndani. Matangazo yalimwonyesha mke aliyekimbiwa na mumewe kwa kosa la kutojisafisha. Wapo walioungua kwa dawa hiyo, na vifo viliandikwa. Biashara ya namna hii ilijifunza mapema kwamba ni rahisi kumwuzia dawa mtu ambaye kwanza umemfanya ajione mchafu, na bidhaa zenye manukato zinazouzwa madukani leo ni wajukuu wa matangazo yale.

Aibu nayo huweza kujigeuza kuwa ugonjwa. Katika jimbo la Goa, India, ambako wanawake wengi huamini kwamba majimaji meupe huwamaliza nguvu, wanawake wapatao 2,500 walichunguzwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Watafiti waliwauliza kama wanalalamikia majimaji, kisha wakawapima maambukizo. Malalamiko yalionekana kufungamana zaidi na dhiki za moyo na maisha magumu kuliko na vijidudu. Mwanamke aliyeelemewa huutazama mwili wake kwa wasiwasi, na alichokuwa nacho siku zote hukiona kama kipya.

Wasiwasi huo humpeleka mtu kwenye maji na sabuni. Naye akijiosha ndani ya uke, huwafukuza laktobasili pamoja na asidi yao; sabuni nyingi zina pH ya 9 hadi 10, nazo huunguza ngozi ile laini. Ulinzi ukiondoka, bakteria wengine huzidi, na harufu anayoikimbia ndiyo anayoiita. Huongeza sabuni. Wengine hutumia chumvi, ndimu, au dawa za kuulia vijidudu, na kila hatua hulizidisha tatizo lililoianzisha. Mjini Mombasa, wanawake zaidi ya 1,200 ambao kazi yao iliwaweka katika hatari kubwa ya maambukizo walifuatiliwa kwa miaka 10, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Waliokuwa wakijiosha ndani waliambukizwa VVU kwa kiwango kikubwa kuliko wasiojiosha, na waliotumia sabuni walizidi wale waliotumia maji matupu. Uhusiano kama huo peke yake hauthibitishi kwamba kuosha ndiko kulikoleta maambukizo, lakini unalingana vizuri na yale yajulikanayo juu ya asidi na ngozi. Kinachohitaji kuoshwa ni sehemu ya nje tu, kwa maji safi, na kupangusa kuanzia mbele kwenda nyuma. Ndani hujisafisha kwenyewe; ute ndio maji yake ya kufulia.

Hayo yote hayana maana kwamba hakuna ute wa ugonjwa. Upo, na aibu huuficha sawasawa na inavyouficha ule wa kawaida, jambo ambalo pengine ndilo hatari yake kubwa. Ute uliogeuka kuwa wa kijani au wa usaha, wenye povu, au wenye harufu kali kama ya samaki. Ute wa mabonge kama maziwa yaliyokatika, unaoambatana na muwasho mkali. Maumivu chini ya kitovu, homa, maumivu wakati wa kukojoa, au damu nje ya siku za hedhi: kila kimoja kati ya hivi chatosha kumpeleka mtu kwa mganga wa hospitali pasipo kungoja. Lakini hata hapa pasiwe na hukumu ya haraka. Ule ute wa mabonge husababishwa na kuvu aitwaye kandida, ambaye huishi mwilini mwa wanawake wengi kwa amani na huchachamaa, kwa mfano, baada ya mtu kunywa dawa za kuua bakteria. Msichana ambaye hajapata kukutana na mwanamume huweza kuupata. Kumwuliza binti huyo, mbele ya foleni, amekuwa na nani, ni kumfunga mdomo kwa miaka mingi.

Shuleni pana mambo madogo yaliyo katika uwezo wa mwalimu. Nguo zinazoanikwa chini ya kanga au nyuma ya kitanda hazikauki vizuri, na nguo mbichi hukaribisha kuvu na kuchubua ngozi. Kamba ya kuanikia iliyo juani, mahali pasipopitwa na kila mtu, ni tiba kuliko mhadhara. Na katika maabara, mwalimu wa Kemia anaweza kuchukua maziwa ya mgando na maji ya sabuni, akachovya karatasi za litmasi, wanafunzi wakaona ile ya buluu ikigeuka nyekundu katika maziwa na ile nyekundu ikigeuka buluu katika sabuni. Mwenzake wa Biolojia avunje yai bichi katika kisahani na kuuvuta ute wake kwa vidole viwili mbele ya darasa zima, wavulana wakiwamo. Vicheko vitakuwapo dakika tano za kwanza. Mwalimu asikemee wala asiharakishe, aendelee kuuvuta ute na kueleza unafanya nini. Asiombe kamwe mwanafunzi atoe habari za mwili wake mwenyewe. Atakayekuwa na swali la siri aandike kwenye karatasi bila jina, na maswali yajibiwe kipindi kinachofuata.

Katika zahanati, swali lile la zamani laweza kuulizwa vingine bila kupoteza dalili hata moja: "Ute wako umebadilika?" Msichana aliyepata somo lile la yai ataweza kujibu kwamba kwa kawaida huwa mweupe, wiki ya pili huvutika, na kwamba tangu Jumatatu umekuwa wa kijani na unamwasha. Kwa maneno hayo tu muuguzi amekwisha jua aanzie wapi.